pg_stat_statements: hodari wa kulitambua swali zito, kipofu mbele ya kufuli

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, huja na kiendelezi kiitwacho pg_stat_statements, nacho ndicho ninachokifungua kwanza mteja anapolalamika kwamba mfumo umekuwa mzito. Kwa kazi kiliyotengenezewa, yaani kuonyesha ni swali lipi (amri ya SQL inayotumwa kwa hifadhidata) linalokula muda wa seva, nakisifu bila kusita. Kwa kazi nyingine ambayo wengi wetu tunakibebesha, yaani kueleza kwa nini swali limechelewa, kinaweza kukupoteza njia kabisa, kama kilivyonipoteza mimi.

Kukisimika ni kazi ya dakika chache: jina lake linaongezwa kwenye shared_preload_libraries, seva inawashwa upya, kisha amri ya CREATE EXTENSION inatolewa. Kero ni huko kuwasha upya, hivyo ni vyema kukiweka tangu siku ya kwanza, seva ikiwa bado haina watumiaji.

Uzuri wake umo katika kuyakusanya maswali yanayofanana. Tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, maswali yanayotofautiana kwa thamani tu huhesabiwa kuwa swali moja, na tangu toleo la 10 mahali pa thamani huandikwa $1, $2 na kuendelea. Katika mfumo mmoja wa akiba na mikopo ninaouhudumia, kila mtu alikuwa akiilaumu ripoti ya mwezi iliyochukua sekunde 40. Nilipoipanga orodha kwa total_exec_time, yaani jumla ya muda wa utekelezaji, ripoti hiyo haikuwamo hata katika kumi za mwanzo. Lililoongoza lilikuwa swali dogo la milisekunde 3 lililoitwa zaidi ya mara 900,000 kwa siku, kwa sababu programu ilikuwa ikiwasoma wanachama mmoja mmoja badala ya kuwasoma wote kwa mkupuo. Bila ya safu ya calls, inayohesabu swali limeitwa mara ngapi, swali la milisekunde 3 nisingelitupia jicho kamwe.

Mambo yalinigeukia kwa UPDATE moja ya salio la akaunti, ambayo ilikaa juu ya orodha kwa wiki nzima. Thamani ya min_exec_time, muda wake mfupi kabisa, ilikuwa chini ya milisekunde moja, ilhali max_exec_time, ule mrefu kabisa, ilipita milisekunde 2,400,000, yaani dakika 40. Niliipitisha kwenye EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri inayoonyesha mpango wa utekelezaji, ndani ya muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kutenguliwa kwa pamoja) nilioutengua kwa ROLLBACK, na mpango ukaonyesha faharasa ya ufunguo mkuu ikitumika, mstari mmoja ukiguswa, na kurasa zote zikipatikana kwenye RAM bila ya kwenda diski. Hapakuwa na ugonjwa wa kutibu hapo, lakini nilipoteza siku mbili nikiongeza faharasa na kubadili mipangilio, nikimtafuta mchawi pasipo na uchawi.

Jambo nililolikosa ni kwamba muda ambao UPDATE inasubiri kufuli la mstari, yaani zuio la kikao kingine kinachoubadili mstari huohuo, huhesabiwa ndani ya muda wa utekelezaji wake, na kiendelezi hiki hakina safu ya kuutenganisha na muda wa kazi halisi. Pengo kubwa namna ile kati ya min na max, kwa swali linalogusa mstari mmoja tu, lilipaswa kunishtua mapema. Tatizo liliporudi nilihamia kwenye pg_stat_activity, orodha ya vikao vilivyo wazi, nikakuta vikao 14 ambavyo wait_event_type yake ni Lock, yaani vinasubiri kufuli. Funksheni ya pg_blocking_pids, inayotaja vikao vinavyokizuia kikao fulani na iliyoingia katika toleo la 9.6 mwaka 2016, ilinipeleka hatua kwa hatua hadi kwenye kikao kimoja ambacho hakikuwa kikifanya chochote: state yake ilisomeka "idle in transaction", na xact_start ilikuwa ya dakika 31 zilizopita. Mtu alikuwa amefungua muamala, akasahihisha salio kwa mkono, kisha akaondoka mezani bila ya COMMIT, amri ya kuukamilisha muamala na kuachia kufuli zake. Nilikikatisha kikao hicho kwa pg_terminate_backend, na vile 14 vikamaliza kazi papo hapo.

Kwa hiyo anayekisimika kiendelezi hiki na awashe pia log_lock_waits, ili kila kikao kinachosubiri kufuli kupita deadlock_timeout, ambayo kwa kawaida ni sekunde moja, kiandikwe katika kumbukumbu za seva. Aweke na idle_in_transaction_session_timeout, inayokata vikao vilivyolala ndani ya muamala, pamoja na lock_timeout fupi (ukomo wa kusubiri kufuli) kabla ya kila ALTER TABLE, amri ya kubadili muundo wa jedwali, kwani nyingi za amri hizo hudai kufuli la ACCESS EXCLUSIVE, linalozuia hata usomaji, na zinapoisubiri ripoti ndefu imalizike, hata SELECT zinazofika baadaye hupanga foleni nyuma yao.

Dosari nyingine ni ndogo. Thamani halisi za swali hazihifadhiwi, hivyo swali linalochelewa kwa mteja mmoja tu hulazimu kuwasha auto_explain, inayoandika mpango wa maswali yanayochelewa katika kumbukumbu za seva. Nafasi ya kawaida ni ya maswali 5,000, na ikijaa, yale yanayoitwa mara chache huondolewa. Toleo la 13 lilibadili jina la total_time kuwa total_exec_time, na skripti zangu za zamani zote zikakwama. Tena swali huandikwa likishamalizika tu: vile vikao 14 vilipokuwa vimeganda mbele ya macho yangu, pg_stat_statements haikuwa na habari navyo hata kidogo.