Koki ya mafuta ya ndege yangu: bei imeniuma, lakini sikiliza inavyolia

Tulia kwanza. Usiseme kitu, sikiliza. Tak. Tena. Tak. Jamani, huo mlio nimeungoja wiki tatu.

Karibuni tena gerejini kwangu hapa Texas. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, hilo dude nyuma yangu ni RV-9A, ndege ya viti viwili, nimeinunua kwa mzee mmoja aliyeanza kuijenga akachoka njiani. Habari za kasi na injini nilishazimaliza kwenye video za mwanzo, sirudii. Leo ni koki tu, ile inayochagua injini inywe mafuta ya tangi la bawa gani. Koki ya mafuta ya Andair, inatengenezwa Uingereza. Najua mlikuwa mnasubiri video ya skrini za dashibodi. Itakuja. Hela ya skrini ndiyo hii hapa mkononi.

Kuna swali linarudi kila wiki: kaka, si uweke koki inayofungua matangi yote mawili kama Cessna 172, usahau habari? Haifai, na sababu yake ni nyepesi. Cessna mabawa yake yako juu, mafuta yanateremka yenyewe. Yangu mabawa yako chini, kwa hiyo pampu ndiyo inavuta. Chukua mirija miwili, tia mdomoni pamoja, mmoja uwe ndani ya soda na mwingine nje. Nyonya. Umepata nini? Upepo. Tangi moja likikauka na koki imefungua yote mawili, pampu itavuta hewa na injini itazima huku bawa la pili lina mafuta. Ndiyo maana hapa unachagua: kushoto au kulia, galoni 18 kila upande, na unabadilisha mwenyewe ukiwa angani. Hii si koki ya kugusa mara moja kwa mwaka.

Sasa tazama. Hii ya shaba ilikuwa ndani ya boksi la mzee. Sogeza kamera. Nazungusha... unaona mshipa wa mkono ulivyotoka? Na huko nazungusha toka kushoto kwenda kulia, hapa katikati nimepita wapi? Nimepita kwenye kufunga. Haijaniambia kitu. Ukiishia hapo kwa bahati mbaya, umeinyima injini mafuta mwenyewe.

Hii mpya, vidole viwili. Kushoto, tak. Kulia, tak. Nafumba macho, hebu nizungushe... kulia, nimejua bila kuangalia. Sasa nataka kufunga. Nasukuma. Imegoma. Nasukuma kwa nguvu. Imegoma! Mpaka uinue hiki kitufe kidogo juu ya mpini, ndipo inakubali kwenda kwenye kufunga. Jana nilimpa binti yangu wa miaka minane, nikamwambia ifunge. Alihangaika dakika nzima akanirudishia, "Baba, imeharibika." Haijaharibika mama, ndiyo kazi yake hiyo. Kwa kitu hiki kimoja, mimi nimesamehe bei.

Bei. Haya, tuseme ukweli, ni mamia ya dola kwa koki. Mke wangu aliuliza kama inatoa na maji ya moto.

Ngoja niungame kitu, maana mwezi uliopita niliwaahidi "mabadiliko makubwa" na nikanyamaza. Mchoro unaweka koki sakafuni, katikati. Mimi nilitaka kuihamishia ukutani, karibu na goti la kushoto, ili pale katikati nijenge kisanduku cha simu na chupa ya chai. Nilishachora. Nilishakata kadibodi. Sheria ya Marekani inaniruhusu, ndege ya kujijengea ikiwa zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha, si kiwanda, unaweza kubadilisha unachotaka, mkaguzi akiridhika.

Halafu nikasoma ripoti ya ajali ya John Denver, yule mwimbaji. Oktoba 12, 1997, alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akirusha Long-EZ, ndege ya kujijengea aliyoibuni Burt Rutan. Yeye hakuijenga, aliinunua. Mchoro wa Rutan uliweka koki mbele, katikati ya mapaja ya rubani. Aliyeijenga hakupenda mafuta yapite karibu na rubani, akaihamishia ukutani nyuma ya bega la kushoto. Ukitafakari, si wazo la kipumbavu, hata mimi lingenishawishi. Ila kuifikia ilibidi uachie usukani, ujipinde mwili mzima nyuma, na ukijipinda hivyo mguu wa kulia unajikaza kwenye pedali ya kugeuza ndege bila wewe kutaka. Na mpini wenyewe ulikuwa mgumu, kabla hajaruka walijaribu kuurefusha kwa praizi. Wachunguzi waliandika hayo hayo: alipokuwa akiitafuta koki, alikanyaga pedali ya kulia, ndege ikamtoka.

Kadibodi yangu iko kwenye pipa la taka. Chai nitakunywa chini.

Kitu kingine, haraka, kabla betri haijaisha. Viungio. Nilitaka kubana matumizi kwenye bomba dogo la robo inchi linalokwenda kwenye sensa ya presha, nikanunua kiungio cha shaba duka la spea za magari. Thredi zinaingia kama zimezaliwa pamoja! Lakini mdomo wa bomba la ndege unapanuliwa kwa digrii 37, wa gari ni 45. Nati inakaza vizuri, ila ndani zinagusana kwenye ukingo mwembamba tu. Leta hapa kwenye mwanga... unaona huo mstari kama unywele? Ndio pekee ulikuwa unazuia petroli isimwagike miguuni kwangu. Vya gari viache kwenye gari.

Wa Nairobi na Dar mnaouliza kuhusu vibali vya huko, naandaa video na mtu anayejua, mimi sitabahatisha. Na wiki ijayo tunapima mtiririko: mafuta kwenye ndoo, saa mkononi, pampu itoe angalau asilimia 125 ya kile injini inachokula wakati wa kupaa. Nikishindwa mtaniona nikishindwa.

Haya, zima kamera. Subiri, subiri. Tak. Basi, zima.