Kompyuta mpakato ya Linux: ulizia chipu ya Wi-Fi kwanza

Wasomaji wengi wananilalamikia jambo lile lile: mtu amenunua kompyuta mpakato nzuri, ameweka Linux, na Wi-Fi haionekani kabisa. Sitagusa kumbukumbu wala betri, kwani hayo muuzaji huyatangaza bila kuulizwa. Asilolitangaza ni mtengenezaji halisi wa chipu ya Wi-Fi, ambaye mara nyingi amefichwa nyuma ya jina jingine. Dell Wireless 1560 ni Broadcom BCM4352, AMD RZ608 ni MediaTek MT7921, na kibandiko cha Killer kimewahi kufunika chipu za Qualcomm Atheros kabla ya kuhamia kwenye zile za Intel.

Nafasi ya kwanza naipa Intel, na upendeleo huo siufichi. Kiendeshi chake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, huitwa iwlwifi na kimo ndani ya kerneli yenyewe, ambayo ni kiini cha Linux. Ni kweli kwamba programu dhibiti inayopakiwa kwenye kadi imebaki siri ya kampuni, lakini tangu toleo la 12 la mwaka 2023 Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, huziweka programu za aina hiyo katika nakala zake rasmi za usakinishaji. Ukinunua kadi ya kubadilishia, chukua AX210 na uiache AX211, ambayo hutegemea sehemu iliyomo katika prosesa za Intel na haifanyi kazi pamoja na prosesa ya AMD.

Ya pili ni MediaTek MT7921, mradi kerneli yako ni 5.12 au mpya zaidi. Ya tatu ni Atheros za zamani zinazotumia kiendeshi cha ath9k: hazipakiwi programu dhibiti yoyote, jambo linalowafurahisha watetezi wa programu huria, ila kasi yake imeishia Wi-Fi 4. Vidude vya bei nafuu vya USB vyenye chipu ya Realtek ni vya dharura tu.

Broadcom BCM4352 naiweka mwisho kabisa. Huhitaji kiendeshi ambacho msimbo wake ni siri ya kampuni, wl, ambacho hakimo katika kerneli, hulazimika kuundwa upya kila kerneli inapobadilika, na hupakuliwa kwa intaneti ile ile ambayo mnunuzi bado hana.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wanaojibu kwamba mashine "ina Wi-Fi 6", kana kwamba hilo ndilo lililoulizwa, ilhali modeli moja inaweza kutoka na kadi za kampuni tofauti. Washa mashine hiyo hiyo utakayoilipia kwa Linux iliyo kwenye fleshi, kisha uandike amri lspci -nn na utazame mstari wa "Network controller": 8086 ni Intel, 14c3 ni MediaTek, na ukiona 14e4, yaani Broadcom, irudishe mezani.