Vitabu vya Kubaki Nyumbani au Sanduku la Vitabu la Mtaa?

Anayetaka kuwachangia vitabu watoto wa Nyalenda au Manyatta, hapa Kisumu, hukabiliwa na swali lilelile: je, kila familia ipewe vyake, au vyote viwekwe katika sanduku moja la kuazima?

Kwa gharama, sanduku hushinda bila ubishi, kwa kuwa vitabu 40 vinavyozunguka huwafikia watoto wengi kuliko vitabu 40 vilivyogawiwa nyumba 20, viwili viwili. Hata hivyo, sanduku huhitaji mtu wa kutunza ufunguo na daftari, na mtu huyo akihama, watoto hukuta kufuli.

Kitabu cha nyumbani hakina saa za kufungwa. Nimemwona mtoto wa gredi ya pili akimsomea nyanya yake hadithi ileile jioni nne mfululizo, kidole kikifuata kila neno, hadi akaacha kusitasita. Kurudia huko ndiko hujenga usomaji, nako ni kugumu iwapo kitabu kinadaiwa Ijumaa. Tatizo ni paa linalovuja wakati wa masika, ingawa ndoo yenye kifuniko huokoa mengi.

Ikiwa una vitabu vichache na unamfahamu mwalimu au mzee wa kanisa asiyehamahama, anza na sanduku. Ikiwa unawalenga watoto wa chekechea, ambao hawawezi kutumwa peke yao kuazima, wape vya kwao, na uchanganye vya Dholuo na vya Kiswahili ili mzazi naye aweze kuwasomea.