Mazoezi ya kunyoosha misuli kwa mguu unaoonekana mfupi: uzoefu wangu

Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kutwa nzima niko kwenye kigoda. Sketi zangu zilikuwa zinaburuza upande mmoja hata fundi akirekebisha pindo, na nikipanda mlima kwenda kwangu Mabatini nyonga ya kushoto inawaka moto. Majirani wakasema mguu wa kushoto ni mfupi, niongeze soli.

Kliniki ya mazoezi tiba niliyoenda naisifu kwa kupima kwanza. Kijana wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba, alinilaza chali, akashika futi kamba, akapima toka mfupa unaochomoza mbele ya nyonga mpaka kifundo cha ndani cha mguu, kulia na kushoto, kisha akarudia. Vikalingana. "Mama, mifupa yako iko sawa. Kiuno ndicho kimevutwa juu upande mmoja." Akanieleza kuwa kukaa sana hukaza misuli ya mbele ya nyonga, na ile ya ubavuni mwa kiuno ikikaza nayo, nyonga inapanda na mguu unaonekana umepungua.

Jamani, mfupa wenyewe ukiwa mfupi, hakuna kunyoosha kutakakourefusha. Mwenye mfupa mfupi ndiye wa soli, na tofauti ikiwa kubwa, ni wa daktari wa mifupa. Ila tofauti isiyofika sentimita 1 wengi wanayo na haiwasumbui.

Zoezi langu kubwa ni kupiga goti la kushoto chini, mguu wa kulia mbele, nasogeza kiuno mbele polepole hadi nihisi paja la kushoto linavutika kwa mbele. Nashikilia sekunde 30, bila kudundadunda. La pili nalala chali, nazungushia kanga unyayoni, nauvuta mguu juu ukiwa umenyooka. Hili nalipenda sana, halina cha kununua. Gumu ni lile la kulala magoti yamekunjwa na kuinua makalio. Nilitaka kuliacha, kijana akakataa kabisa: misuli ikinyooshwa bila kupewa nguvu, nyonga inarudi kulekule. Alikuwa sahihi.

Karatasi yao ya mazoezi ni ya Kiingereza, hapo warekebishe. Nilimwomba aniandikie kwa Kiswahili, akaandika palepale bila kununa.

Mlima sasa napanda bila kusimamasimama, na pindo limetulia. Nikizembea mazoezi, nyonga inakaza tena, kwa hiyo nayafanya kila usiku kabla ya kulala. Mwenye ganzi mguuni, au mguu unaolegea ghafla, asianzie kwenye mkeka kama mimi, aende hospitali kwanza.