Nyota nne kwa daktari wa watoto aliyeisoma kadi ya kliniki ya Tanga

Naandika kwa ajili ya wazazi wanaohamia Ujerumani na watoto waliochanjwa nyumbani, maana mwaka juzi ningempata mtu wa kuniambia haya nisingelia usiku kwa ajili ya bahasha. Huduma ninayoisifu ni ya daktari mmoja wa watoto katika mji tunaoishi, kaskazini mwa nchi. Jina lake silitaji, sikumwomba ruhusa. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia nitaisema mbele.

Kwanza bahasha. Binti yangu alizaliwa Tanga 2017, akaja huku akiwa na miaka sita, akaanzishwa darasa la kwanza. Wiki ya pili shule ikataka uthibitisho kwamba amechanjwa surua. Nikapeleka kadi yake ya kliniki. Karani akaigeuza mbele na nyuma, akanirudishia, akasema hawezi kusoma lugha hiyo. Sikujua kwamba shule inapokosa uthibitisho inapeleka jina la mtoto kwenye ofisi ya afya. Miezi miwili baadaye ikaja barua: kurasa tatu za Kijerumani cha kiofisi, tarehe ya mwisho, na katikati kwa wino mzito, faini ya hadi euro 2,500. Ni pesa nyingi kuliko mshahara ninaobaki nao mwezi mzima baada ya makato. Mtoto mwenyewe alikuwa amechanjwa dozi zote mbili!

Sheria yenyewe ni hii. Tangu Machi 1, 2020, mtoto wa chekechea aliyetimiza mwaka mmoja hapokelewi bila uthibitisho wa surua. Wa shule hawezi kuzuiwa mlangoni kwa kuwa kusoma ni lazima, kwa hiyo kwake fimbo iliyobaki ni pesa ya mzazi. Wafanyakazi wa hospitali nao wamo, waliozaliwa baada ya 1970. Mimi ni msaidizi wa wauguzi wodini, nikatakiwa nami nionyeshe. Kadi yangu ya utotoni ililiwa na mchwa zamani, basi wakanitoa damu wakapima, wakakuta kinga ninayo.

Kinga hiyo sikuipata kwa sindano. Niliipata surua ilipoingia nyumbani kwetu Pongwe, tukalala watoto watatu kwenye mkeka mmoja. Bibi alitundika kanga mlangoni na dirishani ili mwanga usituchome macho. Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili. Macho yake yaliganda usaha, kila asubuhi bibi akiyafungua kwa pamba na maji ya vuguvugu, taratibu, huku akimwimbia. Alipona, ila jicho la kushoto lilibaki na utando mweupe, na haoni nalo mpaka leo. Kwa hiyo mtu asije akanisoma hapa akadhani nazungumzia chanjo kama mtu asiyejali. Najali sana, na ndiyo sababu ile barua iliniuma.

Nikaanza kutafuta daktari wa kunithibitishia kadi. Nilipiga simu kwa madaktari wa watoto saba. Wote saba jibu lilikuwa moja: hatupokei wagonjwa wapya. Mmoja hata hakusubiri nimalize kusema. Hebu lifikirie hilo vizuri: serikali imeshika faini mkono mmoja, na milango saba ya kupatia hicho inachokitaka imefungwa. Hakuna aliyewahi kuwaandikia hao saba barua yenye wino mzito.

Wa nane akanipokea. Kliniki yake iko ghorofa ya pili juu ya duka la mikate. Lifti ni ndogo, kigari cha mtoto kinaingia kwa shida. Tulisubiri dakika arobaini hivi, kwenye chumba chenye vitabu vya picha na treni ya mbao, na wenye watoto wenye vipele au homa wanawekwa chumba kingine kabisa. Hilo la kutenganisha lilinituliza, maana mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vinabaki kwenye hewa ya chumba hadi saa mbili baada ya mwenyewe kuondoka.

Daktari ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa kamba. Nilimpa kadi huku nikijiandaa kurudishiwa. Hakuirudisha. Alivaa miwani, akaitandaza mezani chini ya taa, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaniuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Nikamwambia, sindano ya kifua kikuu, siku aliyozaliwa. Akamfunua binti yangu bega la kulia, akaliona kovu, akatabasamu. Akasema Ujerumani waliacha kuipendekeza chanjo hiyo mwaka 1998, kwa hiyo madaktari vijana wa huku wakiliona kovu hilo wanadhani ni la kuungua. Tukashuka mstari kwa mstari: matone ya polio, sindano za mapajani, mpaka kwenye surua na rubela ya kwanza, miezi tisa, kisha ya pili, mwaka mmoja na nusu. Wino wa tarehe ya pili ulikuwa umefifia, muhuri wa zambarau wa zahanati umemwagikiwa na kitu, nadhani ni uji. Akaielekeza kadi kwenye taa, akasoma tarehe kwa sauti. "Zote mbili zipo," akasema. "Nesi aliyeandika hapa alifanya kazi yake vizuri."

Niliangalia pembeni kidogo hapo. Nilimkumbuka yule nesi, foleni ya Jumatatu, mizani ya kuning'iniza na watoto wanavyopiga kelele wakivishwa ile suruali ya kupimia.

Kisha akanieleza jambo ambalo barua ya kurasa tatu haikulitaja. Tanzania tangu 2014 watoto wanachomwa surua na rubela pamoja, lakini ya matubwitubwi haimo. Sheria ya huku inadai surua tu, kwa hiyo kisheria mtoto yuko sawa. Ila kiafya angeshauri apate ile ya mchanganyiko wa tatu, kwa ajili ya matubwitubwi. Akasema niamue mwenyewe, naweza kwenda kufikiria nikarudi. Nilikubali papo hapo. Binti akachaguliwa bandeji yenye picha ya tembo, akalia kidogo, basi. Msaidizi wake akanakili tarehe zote za Tanga kwenye kitabu cha njano cha chanjo, mhuri kila mstari, na kuniandikia karatasi ya kupeleka ofisi ya afya. Sikulipa hata senti, bima imelipa yote. Ofisi haikuniandikia tena.

Nyota niliyoizuia: simu. Wanapokea kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi, na ndani ya hiyo saa laini haishikiki. Halafu mkalimani uje naye mwenyewe. Mimi Kijerumani changu kinatosha. Wapo wengi ambao hakiwatoshi.

Mmoja wao ni dada kutoka Bukavu, Kongo, tunayekutana naye kwenye kikundi chetu cha akina mama wa Kiswahili. Mwanawe wa miaka miwili alikataliwa chekechea kwa sababu hakuwa na chanjo ya surua, na wote tulimchukulia kuwa ni mkaidi. Nilipomuuliza tukiwa wawili akaniambia, "Siko nakataa, dada, niko naogopa." Alitumiwa video kwenye simu kwamba sindano hiyo inaleta usonji. Nikampeleka kwa daktari yuleyule, mimi nikatafsiri. Daktari hakumcheka wala kumfokea. Alimwambia hofu hiyo ilianzia kwenye makala moja ya Uingereza ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu, na jarida lenyewe likaifuta 2010. Akamwambia Denmark waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakachunguza waliochanjwa na wasiochanjwa, wasione sindano ikiongeza usonji. Dada akauliza maswali kama kumi. Mengine aliyarudia. Daktari akayajibu tena yaliyorudiwa kama vile anayasikia mara ya kwanza. Mtoto akachomwa siku hiyohiyo.

Sasa niseme ninachoamini kuhusu pesa. Kufunga mlango wa chekechea nakubali. Mle ndani wamo wachanga ambao umri wao wa chanjo bado, na Mahakama ya Katiba ya huku iliukubali mlango huo mwaka 2022. Ukiufunga, mtoto asiye na kinga hakai chumba kimoja na yule mchanga. Faini haifanyi hivyo. Jirani yetu wa chini ana mtoto shule moja na binti yangu. Alipelekewa barua kama yangu, na aliniambia wazi kwenye ngazi kwamba akitozwa atalipa, hawezi kubadili mawazo. Ana gari mbili. Kwake ile ni bei. Akishailipa, mtoto anaingia darasani vilevile, anakohoa vilevile. Kwangu mimi, ambaye sikukataa chochote, ilikuwa usingizi wa wiki tatu. Kwa dada wa Bukavu, kama mwanawe angekuwa wa shule, ingekuwa kodi ya nyumba. Adhabu moja, na aliyeumia zaidi ni asiye na kosa.

Austria walikwenda mbali zaidi wakati wa korona. Februari 2022 walianzisha sheria ya kuchanjwa kwa lazima kwa watu wazima, faini hadi euro 3,600. Machi wakaisimamisha kabla hawajamtoza mtu, na kiangazi hichohicho wakaifuta. Kumbe kaskazini mwa Nigeria kuna mpango unaowapa akina mama pesa kidogo mkononi kila wanapoleta mtoto kuchanjwa. Nauli, kibarua cha siku kilichopotea, vinafidiwa. Mimi nilimsikia daktari akisema wanahitajika watoto 95 katika kila 100 ili surua isipate pa kupita. Katika pengo lililobaki, naamini wengi ni watu kama mimi na dada wa Bukavu, na hao hawahitaji kutishwa. Wanahitaji barua waliyoandikiwa kwa lugha yao, simu inayopokelewa, na mtu wa kuketi nao. Jirani yangu simuonei huruma, lakini euro 2,500 zake hazitamchanja mwanawe.

Mkija, beba kadi ya kliniki kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye begi la mizigo. Ipige picha kurasa zote kabla hujasafiri, na kama nesi wa zahanati yako anaweza kuzipitia tarehe zilizofifia akaziandika upya na kugonga muhuri, mwombe. Ukipata barua ya ofisi ya afya usikae kimya kama nilivyokaa mimi wiki ile ya kwanza: piga simu, omba muda zaidi, sema kadi ipo. Watu wa ofisini wakipigiwa si wakali kama barua zao.

Dada wa Bukavu ana miadi ya dozi ya pili Ijumaa ijayo saa tatu asubuhi. Nimeomba zamu ya jioni siku hiyo, nitakwenda naye.