Vijana wa toyo na pampu ya mkono wanaonyonya vyoo Tandale: nyota 4 kati ya 5

Wadau wa Tandale, Manzese, Hananasif na wote mnaokaa huku kwetu Dar ambako gari la majitaka likija linaishia barabarani linapiga honi tu, hii inawahusu. Kuna vijana wanakuja na toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, wana pampu ya mkono na mapipa ya plastiki yenye mifuniko, wanakutolea uchafu wa choo bila gari na bila kutapisha, yaani kufungulia shimo liondoke na maji ya mvua. Nimewatumia kwenye nyumba ya wapangaji ninayoisimamia na kwa kifupi niseme watafuteni, ila kuna mambo ya kuwakazia nitayasema.

Nianze na kutapisha maana ndiyo mshindani wao, tusidanganyane. Mvua kubwa ikianza usiku unasikia chepeo kwa jirani, tofali linachomolewa ubavuni mwa shimo, mzigo wote unaondoka na maji na asubuhi watu wanasalimiana kama hakuna kilichotokea. Bei chee, hakuna foleni. Lakini ule mzigo haujaenda mbinguni, umeingia mtaroni, mtaro unaingia mto Ng'ombe, mto Ng'ombe unaingia Msimbazi, Msimbazi unapita Jangwani unamwaga baharini pale daraja la Selander, na bondeni huko kuna watu wanamwagilia mchicha maji hayohayo halafu mafungu yanarudi sokoni tunayagombania sisi sisi. Kipindupindu cha 2015 kilianzia Dar hii hii, Kinondoni, mwezi wa nane, wala haikuwa masika. Na anayesema mto Ng'ombe si umeshajengewa kuta na DMDP, ule mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji, basi yameisha, mwambieni kuta zinazuia mto usile nyumba za watu, kilichomo ndani ya maji ni kilekile, sanasana sasa hivi kinafika baharini mapema.

Gari nalo silitukani. Kama nyumba iko barabarani na karo lako, yaani tangi la majitaka, ni la majimaji ita gari, linamaliza wakati nyie bado mnapatana bei. Shida yetu huku nyumba zimebanana, mpira haufiki, na choo cha shimo cha miaka mingi uchafu wake wa chini ni mzito kama udongo wa mfinyanzi, mashine inavuta yale maji ya juu inaondoka, wiki chache tu mnaitana tena. Halafu unalipia tripu nzima hata kama shimo lako halijazi gari. Kuna moja, kampuni siitaji, lilinyonya kwa watu mtaa wa pili, wote tukashukuru, kumbe lilienda kufungulia mtaroni hapo mbele tu giza lilipoingia. Sasa hapo tofauti yake na kutapisha ni nini, si umelipa hela zaidi tu.

Turudi kwa vijana wangu. Kifaa chenyewe kinaitwa galpa, ni bomba la PVC lenye vali mbili, moja chini moja kwenye fito, kijana anavuta na kushusha mpini kama anapiga maji ya kisima, uchafu unapanda unatokea kwenye mdomo wa pembeni unaingia kwenye pipa. Umeme hakuna, mafuta hakuna zaidi ya yale ya toyo. Kabla ya kupampu wanavua takataka kwa nondo yenye kulabu, na hapa ndipo kazi ilipo jamani. Mimi nilisimama pembeni na kanga puani nikaangalia mpaka mwisho. Zikatoka pedi, matambara, weaving nzima kama paka aliyelowa, chupa za dawa, juu juu kabisa. Walivyozidi kushuka ikaanza mifuko ya plastiki ya rambo ile iliyopigwa marufuku 2019, chini yake pakti za viroba vya pombe kali ambazo zimekatazwa tangu 2017! Mmoja akacheka akaniambia "dada, hapa tumefika enzi za zamani". Kwa hiyo wapangaji wenzangu mnaosema choo kinajaa haraka sababu tuko wengi, hapana, kinajaa sababu mmekifanya dampo, na kila kinachovuliwa kinawapotezea vijana muda.

Malipo ni kwa pipa. Hiki ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Mkichanga mkapata hela ya mapipa machache mnatoa machache, mwisho wa mwezi mnaita tena. Bei siiandiki hapa kwa sababu inategemea mna umbali gani kutoka barabarani na uchafu ni mzito kiasi gani, ila ukipiga hesabu kwa lita ni ghali kuliko gari, mjue kabisa msije mkaniporomoshea matusi.

Sasa nyota iliyopungua. Kwanza galpa haifiki chini, inachukua kama urefu wa mtu hivi basi, kama shimo lenu ni refu kuna zigo la chini litabaki na mtapata nafuu tu, choo hakitakuwa kipya. Wao wenyewe hawalisemi hili mpaka uulize. Pili wawili walikuwa na buti na glavu, wa tatu alikuwa na ndala. Ndala! Nikamwambia "mdogo wangu, hapana, wewe kaa kwenye toyo", akanikasirikia kidogo ila alikaa. Tatu, na hili ndilo kubwa, mapipa yanaenda wapi? Waliniambia Vingunguti kwenye mabwawa, ambako magari nayo yanamwaga. Nikasema sawa, nusu ya hela sasa hivi, nusu mkirudi na risiti ya kumwagia. Mkubwa wao alinuna, baadaye akarudi nayo. Fanyeni hivyohivyo, bila risiti huna uhakika kama hujalipia kutapisha kwa njia ndefu, na hapo sijasema kwamba hata hayo mabwawa maji yake yakitoka yanaelekea Msimbazi, ila angalau yamekaa juani yakapungua vijidudu, siyo mabichi.

Kitu cha bure walichonisaidia ni ushauri kuhusu bati. Maji ya mvua ya paa letu yalikuwa yanamwagika karibu kabisa na sahani ya choo, yanazama humo humo, na maji ya bafuni nayo yanaingia kwenye shimo lilelile. Fundi aliyajengea njia nyingine, hela ndogo, na shimo sasa linajaa taratibu. Wenye nyumba mnaokaa mbali na kupokea kodi kwenye simu tu, njooni muangalie bati zenu.

Mkiwaita, waiteni kabla ya masika, Januari au Februari. Huku bondeni mvua zikikolea maji ya ardhini yanapanda yanaingia shimoni kwa chini, mnapampu asubuhi jioni limejaa tena, mnalipia kusafirisha maji. Na jiandaeni na harufu, siku hiyo msipike chochote mpaka saa kumi, chips za nje zipo.