Stika za siagi ya mwili: uzoefu wangu na duka la uchapaji Kariakoo

Natengeneza siagi ya mwili na mafuta ya midomo nyumbani kwa shea, nazi, nyonyo na nta ya nyuki. Mzigo wangu ni mdogo, kwa hiyo nilitaka duka litakalokubali oda ndogo: stika za duara za sentimita 5 za kubandika juu ya kopo, na za sentimita 4 za vikopo vya midomo. Nimechapisha kwenye duka moja dogo pale Kariakoo na nawapa nyota nne kati ya tano.

Kilichonifanya nibaki nao ni sampuli. Niliomba kipande cha kila aina ya stika kabla ya kulipa, wakanipa bila maneno mengi. Nikavipaka vyote mafuta ya nazi, vikalala bafuni, asubuhi nikavisugua kwa kidole chenye maji. Karatasi ilikuwa imenyonya mafuta na kuonyesha ndani kama gazeti lililofungiwa vitumbua. Iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji ikaacha rangi kidoleni. Ya plastiki, ile mafundi wanaiita vinili, ikiwa na laminesheni (utando mwembamba wa plastiki wa kukinga) isiyong'aa juu yake, ilibaki vilevile bila kuharibika. Vinili ilinigharimu karibu mara mbili ya karatasi, ila karatasi moja ya A3 inatoa duara 35 za sentimita 5 na nafasi ya kukatia inabaki, kwa hiyo ukigawanya kwa kopo moja hiyo nyongeza hutaihisi. Jamani, anayeuza mafuta halafu anabandika karatasi anategemea nini?

Stika ya uwazi inavutia sana dukani, lakini uliza kwanza kama mashine yao ina wino mweupe. Nyingi hazina. Maandishi ya dhahabu au ya rangi hafifu ukiyaweka juu ya kopo jeusi bila weupe chini yake, hayaonekani kabisa.

Dizaini nilifanya mwenyewe kwa Canva ya bure, programu ya kuchora dizaini, kwenye simu. Inatosha, mradi ukubwa wa ukurasa uuweke kwa milimita tangu mwanzo na rangi ya nyuma uipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Faili nililituma WhatsApp kama dokumenti ya PDF. Ukituma kama picha, WhatsApp inaibana, na herufi ndogo za viungo zinatoka na ukungu. Kijani changu cha mwarobaini, kilichong'aa vizuri kwenye kioo cha simu, kilitoka kimepoa kidogo kwa sababu mashine inachanganya wino wa rangi nne na haiwezi kufikia kila rangi ya simu. Kaka wa mashine alinichapia kimoja cha majaribio, tukakiongezea mwanga, mambo yakaenda.

Kazi ngumu kuliko urembo wote ni kupata nafasi. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, EAS 346, kina orodha yake: jina la bidhaa, mtengenezaji na anwani, nchi, ujazo, viungo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Viungo vinaanzia kilicho kingi. Nazi inaandikwa Cocos Nucifera Oil, nyonyo Ricinus Communis Seed Oil, na majina hayo marefu ndiyo yanayomaliza duara. Ukitaka na msimbo wa mistari (barcode), wa kawaida wa tarakimu 13 haupunguzwi chini ya asilimia 80 ya saizi yake, yaani kama milimita 30 kwa 21. Kwenye kikopo cha midomo huo peke yake umekula kitako chote! Kwa hiyo ninachapa stika mbili, ya juu ya jina na urembo, ya chini ya taarifa. Namba ya toleo na tarehe nimeziachia kisanduku cheupe kisicho na laminesheni, nagonga kwa muhuri kila nikipika. Vinginevyo ningechapa stika mpya kwa kila toleo.

Nyota moja nimewakata kwa sababu mbili. "Njoo kesho mchana" yao inaweza kuwa kesho kutwa jioni, na ukipiga simu unaambiwa iko kwenye mashine. Halafu mkato: katika oda moja duara zilihama upande, zikaacha ukingo mweupe kama mwezi mwandamo. Walizirudia bure, ila kosa nililigundua mimi, si wao. Kagua hapohapo kaunta, karatasi moja moja, kabla ya kutoa salio.

Anayetaka stika elfu kadhaa aende kwa wenye mashine za rola, bei ya kila moja inashuka. Hapa ni pa sisi wa makopo thelathini.